Kwa Nini Pombe ya Ulezi Huchacha na Mvinyo wa Shayiri Hukomaa?

Katika mji wa Sirari, wilayani Tarime, mpakani mwa Tanzania na Kenya, nafaka ni mali. Debe moja la ulezi laweza kuwa uji wa mtoto, mbegu ya msimu ujao, au pombe ya sherehe. Mpishi wa pombe akishatoa ulezi wake ghalani huwa anashindana na wakati, kwani pombe iliyoiva leo, ikikosa wanywaji kwa siku mbili tatu, huchacha na kumwagwa. Huko Uingereza kuna bia ambayo hutiwa katika chupa na kuachwa kwa miaka 10, 20 au zaidi, na ladha yake huzidi kuwa nzuri. Waingereza huiita mvinyo wa shayiri, ingawa hakuna zabibu ndani yake. Jina hilo limetokana na ukali wake, unaokaribia ule wa mvinyo.

Pombe zote mbili hutengenezwa kwa nafaka iliyooteshwa. Tofauti yao yatoka wapi? Jibu la swali hili lina manufaa kwa mwanafunzi wa sayansi, na pia kwa yeyote anayetaka kuokoa nafaka na kulinda afya.

Kazi ya kimea

Punje ya nafaka imejaa wanga, na hamira haiwezi kula wanga. Punje ikilowekwa na kuachwa iote, huzalisha vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari. Mche unapoanza kuchomoza, mtengenezaji huukausha ili usiendelee kukua. Nafaka hiyo iliyooteshwa na kukaushwa ndiyo kimea. Ulezi ni nafaka ya asili ya nyanda za juu za Afrika ya Mashariki. Kimea chake ni chenye nguvu, na punje zake ndogo hazishambuliwi sana na wadudu wa ghalani.

Hamira hula sukari na kutoa alkoholi pamoja na hewa ya ukaa. Katika mwaka 1876 Louis Pasteur wa Ufaransa alichapisha kitabu juu ya bia, akieleza kwamba kuharibika kwa bia husababishwa na viumbe vidogo vingine vinavyoingia pamoja na hamira. Kauli hiyo ndiyo ufunguo wa swali letu.

Chungu cha ulezi

Wakurya huita pombe yao amarwa. Zamani wazee walikuwa wakiketi kukizunguka chungu kimoja na kunywa kwa mirija mirefu, desturi iliyojulikana pia kwa majirani zao wengi wa ukanda wa Ziwa Viktoria. Katika ukanda huo njia ya kawaida ya kupika pombe ni hii: unga wa nafaka hukandwa na kuachwa uchachuke, kisha hukaangwa, huchanganywa na maji na kutiwa kimea cha ulezi. Baada ya siku chache pombe huwa tayari.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba mchanganyiko huo hauchemshwi tena baada ya kutiwa kimea. Kimea huja na hamira za porini, lakini huja pia na bakteria wa asidi ya laktiki, wale wale wanaogandisha maziwa. Bakteria hao wana faida mwanzoni, kwa sababu asidi yao huzuia vijidudu vingi vya maradhi na huipa pombe ukali mtamu unaopendwa. Lakini kazi yao haikomi. Wakati huo huo hewa huingia chunguni, na bakteria wa siki huanza kugeuza alkoholi kuwa siki. Pombe hiyo, ambayo kwa kawaida huwa na alkoholi ya asilimia 2 hadi 4 tu, haina silaha ya kuwazuia.

Silaha nne za mvinyo wa shayiri

Silaha ya kwanza ni moto. Maji matamu ya kimea cha shayiri huchujwa na kuchemshwa kwa saa nzima au zaidi, na bakteria karibu wote hufa kabla hamira teule haijatiwa.

Silaha ya pili ni hopsi, maua ya mmea wa nchi za baridi, ambayo viwanda vya bia vya Afrika ya Mashariki huyaagiza kutoka ng'ambo. Uchungu wa hopsi huwazuia bakteria wa asidi ya laktiki wasizaliane.

Silaha ya tatu ni alkoholi yenyewe, ambayo hufika asilimia 8 hadi 12. Kwa nadharia gramu 100 za sukari hutoa gramu 51 za alkoholi. Hivyo lita moja ya pombe ya asilimia 3 huhitaji karibu gramu 46 za sukari, na lita moja ya asilimia 12 huhitaji karibu gramu 186. Kwa maneno mengine, pombe ya kuhifadhiwa hula nafaka mara nne ya ile ya kunywewa mara moja.

Silaha ya nne ni kizibo. Chupa hufungwa ili hewa isiingie, na mara nyingi mabaki ya hamira hai yaliyomo hufyonza oksijeni kidogo iliyobaki.

Kinachotokea ndani ya chupa

Kukomaa si kulala. Ni mabadiliko ya kikemia yaendayo polepole. Uchungu wa hopsi hupungua mwaka hata mwaka. Asidi na alkoholi huungana na kutengana, na harufu za matunda mabichi hupisha harufu za matunda makavu. Oksijeni kidogo, ambayo huiharibu bia nyepesi kwa kuipa harufu ya karatasi, katika bia nzito huleta ladha ya tende na karanga.

Mwaka 1904 Niels Hjelte Claussen, wa kiwanda cha bia cha Carlsberg nchini Denmark, alieleza kwamba ladha ya pekee ya bia kali za Kiingereza zilizokomazwa katika mapipa ilitokana na hamira ya pili, aliyoipa jina Brettanomyces, maana yake kuvu wa Kiingereza.

Mfano mashuhuri ni bia ya Thomas Hardy's Ale, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1968 na kiwanda cha Eldridge Pope cha mjini Dorchester, kwa kumbukumbu ya miaka 40 tangu afariki mwandishi Thomas Hardy. Ilikuwa na alkoholi ya karibu asilimia 12, na watengenezaji wake walisema yaweza kuhifadhiwa kwa miaka 25.

Hali ya joto ni jambo kubwa. Kwa kanuni ya jumla, joto likiongezeka nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya mabadiliko ya kikemia huongezeka mara mbili. Chupa iliyowekwa chini ya bati penye nyuzi 32 huzeeka mara nne upesi zaidi kuliko ile ya chumba cha chini ya ardhi chenye nyuzi 12. Ndiyo maana bia hiyo huwekwa mahali pa baridi na giza.

Namna ya kuonja

Mwonjaji mwenye ujuzi hutumia kiasi kidogo katika bilauri, na hulinganisha chupa za miaka mbalimbali. Kwanza hutazama rangi, ambayo hukolea kadiri miaka ipitavyo. Pili hunusa. Tatu huonja, akitafuta mizani baina ya utamu, uchungu na ukali. Iliyo changa huunguza koo na kuchusha kwa utamu. Iliyokomaa hulainika na kukumbusha tende na sukari guru. Iliyopitiliza huwa chapwa au yenye siki. Pombe ya ulezi nayo hupita ujana, ukomavu na uzee, ila safari yake ni ya siku chache tu. Mpishi hodari huitambua siku yake kwa povu, harufu na ulimi.

Mafunzo kwa mpishi

Kwanza, amarwa si mvinyo wa shayiri ulioshindikana. Ni pombe ya kunywewa ikingali changa, na dawa ya hasara ni kupika kwa kadiri ya wanywaji, kusafisha vyombo kwa maji yaliyochemka, kufunika chungu na kukiweka penye ubaridi.

Pili, kugeuza pombe iliyochacha kuwa gongo si uhifadhi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1966 inakataza kutengeneza gongo bila leseni. Hatari kubwa zaidi huja pale wauzaji wanapoongeza methanoli ili kuzidisha ukali. Nchini Kenya, mwezi wa Novemba 2000, pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya Nairobi na kuwapofusha wengine.

Tatu, nafaka yenye ukungu isipikwe pombe. Sumu ya aflatoksini haimalizwi na moto wa jikoni wala na kuchachuka. Mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Nafaka isiyofaa kwa ugali haifai kwa chungu cha pombe.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini pombe ya ulezi huchacha upesi ijapokuwa ina asidi inayozuia vijidudu vya maradhi?

2. Nusu lita ya pombe ya asilimia 3 ina alkoholi sawa na mililita ngapi za mvinyo wa shayiri wa asilimia 12? (Jibu: 125.)

3. Taja silaha nne za mvinyo wa shayiri, na ueleze ni ipi kati ya hizo inayoweza kutumika Sirari bila gharama.