Kompyuta za Ofisi Bila Nywila ya Msimamizi
Kijitabu cha elimu kwa wakuu wa ofisi na maafisa TEHAMA

Katika ofisi nyingi ipo nywila moja ambayo kila fundi anaijua. Iliwekwa siku kompyuta zilipofika, diski ya kwanza ilipoandaliwa na kunakiliwa kwenye nyingine zote, na tangu hapo haijaguswa. Inafungua kompyuta ya mapokezi, ya mhasibu na ya mkurugenzi. Fundi aliyehama anaikumbuka bado, na kijana wa mafunzo kwa vitendo alinong'onezwa siku ile printa ilipogoma.

Hiyo ni nywila ya akaunti ya msimamizi iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe. Anayeishika anaweza kusakinisha programu yoyote, kuzima kinga ya virusi na kusoma mafaili ya kila mtu anayetumia mashine hiyo. Ikiwa ni ileile kwa kompyuta zote, ofisi imejitengenezea ufunguo malaya na kuugawa bila kumbukumbu ya nani anao. Kijitabu hiki kinaeleza namna ya kupanga usimamizi wa Windows ili pasiwe na mtu hata mmoja anayetembea na nywila hiyo kichwani.

Nywila ndefu haitoshi

Windows haihifadhi nywila kama ulivyoiandika. Huhifadhi alama iliyokokotolewa kutokana nayo, iitwayo hashi. Mdukuzi akishaitawala kompyuta moja huichukua hashi ya msimamizi na kuionyesha kwa kompyuta ya jirani, nayo humfungulia bila yeye kujua nywila yenyewe ni ipi. Herufi 8 au 30, kwake ni mamoja. Kinachomzuia ni kukuta kila kompyuta ina nywila tofauti.

Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilianzia Ukraine, kikipenya kupitia sasisho la programu ya uhasibu iitwayo M.E.Doc. Kilisambaa kwa njia mbili. Ya kwanza ni tundu la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imekwisha kuliziba mwezi Machi mwaka huohuo. Ya pili ni siri za kuingilia kilizoziokota kwenye kumbukumbu ya kompyuta kilizokwisha kuziteka, na kwa njia hiyo hata mashine zilizosasishwa vizuri ziliangamia. Kampuni ya meli ya Maersk ililazimika kusakinisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10. Seva zake zilizobeba orodha ya watumiaji zilifutika zote, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana: umeme ulikuwa umekatika huko, seva ikawa nje ya mtandao kirusi kilipopita. Mtumishi wa Ghana akapanda ndege hadi Nigeria kumkabidhi mwenzake diski, naye akaifikisha Uingereza. Ni mara chache kukatika kwa umeme kunastahili shukrani.

Nafasi tupu si suluhisho

Wapo wanaosikia habari ya kuingia bila nywila wakaiacha nafasi ya nywila tupu. Windows kwa kawaida huizuia akaunti ya namna hiyo isitumike kutoka mbali kupitia mtandao, lakini yeyote anayekaa mbele ya kompyuta anaingia moja kwa moja. Mlinzi wa usiku naye yumo. Mpango unaoelezwa hapa ni mwingine: nywila ya dharura inatungwa na mashine na kubadilishwa na mashine, na fundi anaingia kwa kitu alicho nacho mkononi.

Anza kwa kuhesabu wasimamizi

Kabla ya kununua chochote, fungua dirisha la amri kwenye kompyuta na uandike:

net localgroup Administrators

Majina yatakayojitokeza ndiyo yenye mamlaka kamili juu ya mashine hiyo. Mara nyingi utamkuta mtumiaji mwenyewe, kwa sababu akaunti ya kwanza kutengenezwa kompyuta inapowashwa mara ya kwanza hupewa usimamizi. Vilevile, kompyuta inapounganishwa na Entra ID, ile huduma ya Microsoft ya kutunza watumiaji mtandaoni, aliyeiunganisha hufanywa msimamizi wake isipokuwa kama mpangilio huo umebadilishwa. Karani aliyefuata maelekezo ya kuandaa laptopu yake mpya anaweza kuwa msimamizi tangu asubuhi hiyo bila kuomba.

Mrudishe kila mtumishi kwenye akaunti ya kawaida. Hapa ndipo patakapokuwa na manung'uniko, hasa ghorofa ya juu, na mkuu wa ofisi ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kukubali. Mkurugenzi hahitaji usimamizi wa kompyuta ili kusoma barua pepe.

Angalia pia toleo la Windows. Kompyuta nyingi za dukani huja na toleo la Home, ambalo haliwezi kuunganishwa na Active Directory, yaani orodha ya watumiaji na kompyuta inayotunzwa kwenye seva ya ofisi, wala Entra ID. Mambo yanayofuata yanahitaji Pro, Enterprise au Education. Liandikeni hilo kwenye zabuni, kwa maana kulipia toleo jipya baadaye, mashine moja baada ya nyingine, kunauma.

Windows LAPS: nywila isiyo ya mtu

Tangu masasisho ya Aprili 2023, Windows 10 na 11 zina ndani yake huduma iitwayo Windows LAPS. Kazi yake ni kutunga nywila ya nasibu kwa akaunti ya msimamizi ya kila kompyuta, kuihifadhi mahali pa siri, kisha kuibadilisha kwa ratiba. Usipobadilisha mipangilio, nywila huwa na herufi 14 na huishi siku 30. Mahali pa kuihifadhi ni Active Directory ya ofisi au Entra ID, unachagua moja. Kwa Entra ID hata daraja la bure linatosha.

Huduma hii ipo tayari ndani ya kompyuta lakini imelala hadi uiamshe. Kwa Active Directory, tanua kwanza muundo wake kwa amri ya Update-LapsADSchema, uziruhusu kompyuta ziandike nywila zao, kisha utume sera inayosema nywila zihifadhiwe wapi. Kwa Entra ID, washa LAPS kwenye mipangilio ya vifaa, halafu utume sera, kwa mfano kupitia Intune, huduma ya Microsoft ya kusimamia vifaa. Jaribu kwa kompyuta chache za kitengo chenu wenyewe kabla ya kwenda kwa wahasibu.

Fundi akihitaji nywila ya kompyuta fulani, anaisoma kwenye hifadhi, na usomaji huo unaweza kuwekewa kumbukumbu ya nani ameisoma na lini. Akishaitumia, saa 24 baadaye mashine huibadilisha na kumtoa yeyote aliyebaki ndani kwa akaunti hiyo. Aliyeinakili kwenye karatasi amebaki na karatasi.

Swali linaloulizwa sana na ofisi za wilayani ni hili: intaneti ikikatika wiki nzima, je, tutafungiwa nje? Hapana. LAPS haibadilishi nywila mpaka iweze kuifikia hifadhi na kuiandika huko, kwa hiyo kompyuta iliyo nje ya mtandao hubaki na nywila ya mwisho iliyohifadhiwa. Ila fundi anayesafiri kwenda zahanati isiyo na mtandao aisome nywila hiyo kabla ya kupanda basi.

Fundi aingie vipi siku za kawaida

LAPS iwe akiba ya dharura. Kwa kazi za kila siku, mpe fundi akaunti ya pili, tofauti na ile anayosomea barua pepe, nayo iwe msimamizi wa kompyuta za watumishi tu. Akaunti hiyo asiingie nayo kwa nywila.

Windows Hello for Business ndiyo njia inayotajwa kwanza: uso, kidole au PIN. Ufunguo wenyewe umo ndani ya TPM, chipu ya usalama ya kompyuta, na hautoki humo. PIN inafanya kazi kwenye kompyuta hiyo tu, hivyo anayeichungulia begani kwako hawezi kuitumia mahali pengine. Ni nzuri sana kwa mtumishi mwenye kompyuta yake. Kwa fundi anayehudumia kompyuta 200 haifai, kwa sababu inabidi ajisajili kwenye kila moja, na kompyuta moja inapokea usajili wa watu 10 tu.

Kwake ni bora ufunguo wa usalama wa FIDO2, kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB na kuguswa. Kwa kompyuta zilizounganishwa na Entra ID, fundi anabadilisha mtumiaji, anachomeka ufunguo, anaweka PIN yake na kuingia. Akisakinisha programu, Windows inamuuliza ndiyo au hapana tu. Ofisi yenye Active Directory pekee inaweza kutumia kadi janja zenye vyeti vya kidijitali. Nunueni funguo mbili kwa kila fundi, ya pili ifungiwe kwenye kasiki. Akimaliza kazi atoke kabisa kwenye akaunti: NotPetya iliokota siri za watu waliokuwa bado wameingia.

Mabaki ya zamani

Ofisi zilizoanza kutumia Active Directory zamani zina tatizo linalosahaulika. Kwa miaka kadhaa wasimamizi waliweza kuandika nywila hii ndani ya sera ya kikundi na kuituma kwa kompyuta zote. Ilihifadhiwa kwa kufichwa kwenye folda ya SYSVOL, ambayo kila mtumiaji wa mtandao wa ofisi anaweza kuisoma, na ufunguo wa kuifichulia Microsoft wenyewe waliuchapisha kwenye nyaraka zao. Sasisho la Mei 2014 lilizuia nywila mpya zisiandikwe humo, lakini halikufuta zilizokuwepo. Tafuta neno cpassword ndani ya mafaili ya XML ya folda hiyo. Ukilikuta, futa sera hiyo na uichukulie nywila yake kuwa imekwisha kuvuja.

Kisha zuia akaunti zote za ndani zisiingie kompyuta nyingine kupitia mtandao. Kuna sera ya Windows kwa ajili hiyo, na kwa ofisi nyingi hakuna kazi halali itakayokwama.

Fundi anapoondoka

Zima akaunti zake zote mbili siku hiyohiyo, pokea funguo za usalama, na uamuru LAPS ibadilishe nywila alizowahi kuzisoma. Kwenye Entra ID, kumwondoa mtu katika wadhifa wa msimamizi wa vifaa hakufanyi kazi papo hapo: mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 4 kufika, na hutimia baada ya yeye kutoka na kuingia upya. Kwa hiyo akaunti izimwe kwanza, na kompyuta yake ipokewe ikiwa imezimwa.