Tujue Neno Kabla ya Kuweka Sahihi

Mikutano ya vikundi vyetu huwa ni kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani. Lakini siku ya kuomba mkopo, karatasi inayoletwa mara nyingi ni ya Kiingereza. Hapo tunamwambia kijana aliyesoma, "Hebu tusomee," kisha tunaweka sahihi.

Kikundi kimoja cha akina mama kilituletea karatasi ya namna hiyo. Karani wao alikuwa amewasomea vizuri. Neno moja tu lilimponyoka, na neno hilo lingeweza kumfanya mtu auziwe ng'ombe wake.

Neno lenyewe ni "severally". Hapa Kenya tumelizoea kwa maana ya "mara nyingi". Tunasema, "I have told you severally." Basi karani alipoona "jointly and severally liable" alifikiri watadaiwa pamoja, tena mara nyingi. Kumbe katika sheria "jointly" ni kwa pamoja, na "severally" ni kila mmoja peke yake. Yaani watu 15 wakikopa shilingi 150,000 na 14 watoroke, yule aliyebaki anaweza kudaiwa zote 150,000, siyo 10,000 zake tu.

Wale akina mama hawakuukataa mkopo. Walirudi wakakaa, wakaulizana nani anamwamini nani, ndipo wakaweka sahihi.

Tujifunze mambo matatu.

1. Maneno yaliyo karibu si sawa

"Loan" na "grant" zote ni pesa mnazopewa. Lakini "loan" hurudishwa. "Grant" hairudishwi, mradi mmeitumia kwa kazi mliyoiombea. Vilevile "lend" ni kukopesha na "borrow" ni kukopa. Kwetu ni shina moja, ndiyo sababu tunazichanganya. Anayetoa pesa ndiye "lender", anayepokea ndiye "borrower".

Angalieni pia "may" na "shall". "The lender may visit the group" maana yake anaweza kuja au asije. "The group shall pay" maana yake ni lazima mlipe.

2. Neno moja, maana mbili

"Interest" shuleni ni hamu ya kitu. Kwenye mkopo ni riba. Ukiona asilimia 2, uliza: ya mwezi au ya mwaka? Kwa mkopo wa shilingi 10,000, ya mwaka ni shilingi 200. Ikiwa ni ya kila mwezi, juu ya mkopo wote, mwaka mzima ni shilingi 2,400!

"Security" nayo siyo askari wa langoni. Hapa ni dhamana, mali inayoweza kuchukuliwa msipolipa.

3. Neno linafanya kazi gani?

"Balance" ikiwa jina, ni kiasi kilichobaki: "The balance is 500 shillings." Ikiwa kitenzi, kama katika "balance the books", mwekahazina anaambiwa ahakikishe hesabu zinalingana.

Kamusi ya Kiingereza hutusaidia. Kando ya neno kuna alama: n. ni jina, v. ni kitenzi, adj. ni kivumishi, adv. ni kielezi. "Severally" ina alama adv., kwa sababu inaeleza namna ya kudaiwa. Msiishie kwenye maana ya kwanza. Someni zote, muone ipi inaingia katika sentensi yenu.

Kazi ya kikundi

a) Leteni karatasi moja ambayo kikundi kiliwahi kuwekea sahihi. Pigieni mstari kila neno lenye shaka.
b) Kila neno litafutwe katika kamusi, kisha mtu mwingine, siyo karani, alieleze kwa lugha ya nyumbani.
c) Jadilianeni: je, tungeweka sahihi kama tungalijua?

Neno likiwashinda, mwulizeni aliyeleta karatasi, tena mbele ya wanachama wote. Kuuliza si aibu. Aibu ni kulipa deni ambalo hukujua ni lako.