MZEE ANAYESAHAU SI MLOZI, NI MGONJWA



Baba mzee anauliza neno moja mara kumi. Mama mkwe anapotea katika njia ya soko aliyoizoea miaka mingi, na usiku anasema peke yake. Majirani wanaanza kunong'ona: «Huyu ni mlozi.» Hapana! Huo ni ugonjwa wa ubongo. Munganga wa Ujerumani, Alois Alzheimer, alieleza mwaka 1906 ile aina inayoonekana zaidi. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu wagonjwa wa namna hii milioni 57 duniani mwaka 2021. Hawa wote hawakulogwa, wala hawamlogi mtu.

Kwanza, mpeleke mzee kwa munganga. Malaria, ugonjwa wa mkojo, pombe, hata dawa fulani, huweza kuvuruga akili, na hayo yana matibabu. Akili ikibadilika ghafula, kwa siku moja au mbili, usingoje kesho.

Dawa ya kuuponya ugonjwa wenyewe haijapatikana. Lakini matunzo mema yanampa mzee maisha mazuri. Shikeni haya:

1. Sema naye uso kwa uso, polepole, jambo moja moja. Usimcheke, wala usimwambie: «Umesahau tena?»

2. Usibishane naye. Mchimbaji wa zamani akiamka usiku kutafuta kofia yake aende posti, usimgombeze. Mwulize habari za kazi yake, mpe maji anywe, kisha mrudishe kitandani taratibu.

3. Saa za kula, kuoga na kulala zisibadilike kila siku.

4. Mpe kazi anayoiweza: kuchambua maharagwe, kumenya karanga, kufagia kiwanja. Asiyepewa kazi yoyote hujiona mzigo.

5. Ondoa hatari. Mbabula yenye moto, petroli, dawa na visu vikae mbali naye. Usiku weka taa kwenye njia ya choo. Usimfunge kamba. Waeleze majirani, ili akipotea wamrudishe.

Mgodini watu hupokezana posti. Nyumbani ni vilevile: mama mmoja asikeshe kila usiku peke yake. Wana, mabinti na wakwe, gawaneni zamu, maana mtunzaji aliyechoka hukosa uvumilivu.

Na ukisikia mtu anamwita mzee mlozi, mfundishe somo hili mapema, kabla jiwe la kwanza halijatupwa.