Kufundisha Uchunguzi wa Magugu ya Malisho kwa Picha za Setilaiti

Makala haya yamewakusudia walimu wanafunzi watakaofundisha Sayansi, Jiografia na Hisabati katika madarasa ya juu ya shule za msingi, na hasa wale watakaopangwa katika wilaya za wafugaji. Tunajua kwamba wengi wenu mtasema mada hii ni ya wataalamu wenye mitambo, si ya mwalimu mwenye chaki na ubao. Hatukubaliani na rai hiyo. Elimu inayotumika hapa ni elimu ya mwanga, majani, eneo na asilimia, na yote hayo tayari yamo katika masomo mnayofundisha. Kinachokosekana ni kuyaunganisha.

Mfano wetu ni wa Baringo, nchini Kenya, na mmea wenyewe ni mathenge, ambao wataalamu huuita Prosopis juliflora. Asili yake ni nchi kavu za Amerika. Uliletwa Kenya mwaka 1973 ili kuotesha miti katika machimbo ya Bamburi, karibu na Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapandwa Baringo ili watu wapate kuni, na udongo usichukuliwe na upepo na maji. Nia ilikuwa njema, na yafaa watoto waambiwe hivyo, maana kuni zilipatikana kweli, na mkaa, na kivuli. Lakini mti huu huzaa maganda matamu. Mbuzi na ng'ombe huyala, na kwa kuwa mbegu zake ni ngumu, hupita tumboni zikiwa hai na kuota katika kinyesi popote mnyama alipopita. Mafuriko nayo huzisambaza. Baada ya miaka michache pana kichaka cha miiba kisichopitika, nyasi hazina nafasi, na utamu wa maganda umeharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali kwa ajili ya mti huu, na katika shauri hilo mbuzi aliyepoteza meno aliletwa mahakamani awe kielelezo. Mwaka 2008 Kenya iliutangaza mathenge kuwa gugu haribifu kwa mujibu wa sheria.

Swali la mchungaji na la ofisa wa mifugo ni moja: mti umefika wapi, na unakwenda upande gani? Kwa miguu swali hili halijibiki upesi, kwa sababu nyanda ni pana na vichaka havipenyeki. Hapo ndipo setilaiti inapofaa.

Jinsi setilaiti inavyoona

Mwalimu aanze na jani. Jani bichi hunywa sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa jua ili kujitengenezea chakula. Pamoja na mwanga tuuonao, jua hutoa pia mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni, uitwao infraredi. Infraredi iliyo karibu na mwanga mwekundu jani halina haja nayo, basi huirudisha angani kwa wingi. Udongo mkavu na nyasi zilizokauka hazifanyi hivyo. Hurudisha aina zote mbili za mwanga kwa viwango visivyotofautiana sana. Chombo cha setilaiti hupima mianga hiyo miwili, kila mmoja peke yake, na tofauti yake hutuambia palipo na majani mabichi.

Hesabu yake haimshindi mtoto aliyekwisha jifunza desimali. Toa mwanga mwekundu kutoka katika infraredi, kisha gawanya kwa jumla ya hizo mbili. Tuseme kichaka kimerudisha infraredi 45 na mwekundu 5 katika kila 100. Tofauti ni 40, jumla ni 50, jibu ni 0.8. Tuseme udongo umerudisha 30 na 20. Tofauti ni 10, jumla ni 50, jibu ni 0.2. Kadiri jibu linavyokaribia 1, ndivyo ukijani unavyozidi. Hizi ni namba tulizozitunga kwa ajili ya zoezi, lakini kanuni ndiyo ile ile wanayoitumia wataalamu.

Mwanafunzi makini atauliza: ukijani wote si mathenge, setilaiti itautofautishaje? Swali hili lisipite bila kujibiwa, maana ndilo kiini cha somo. Jibu limo katika majira. Wakati wa mvua nyanda zote ni za kijani na picha haisemi kitu. Kiangazi kinapokolea, nyasi hukauka, lakini mathenge, ambao mizizi yake huteremka chini sana kutafuta maji, hubaki na majani. Picha ya kiangazi ikilinganishwa na ya masika humtoa mti mafichoni. Mtoto wa mfugaji hatashangaa kusikia hivyo. Anajua tangu utotoni ni miti gani hubaki mibichi wakati wa ukame, na mwalimu afanye vyema kuanza na ujuzi huo.

Setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat ilirushwa na Marekani mwaka 1972. Zilizofuata tangu miaka ya 1980 hugawa ardhi katika miraba ya mita 30 kwa 30, na tangu mwaka 2008 picha zake hutolewa bila malipo. Picha za zamani zimehifadhiwa. Kwa hiyo twaweza kuutazama mwaka ambao hakuna mtu aliyekuwa akipima. Kwa njia hiyo watafiti walilinganisha picha za Baringo za mwaka 1988 hadi 2016. Mwaka 1988 mathenge ulichukua hekta 882. Mwaka 2016 ulichukua hekta 18,792. Katika ardhi yote iliyovamiwa, nyasi ndizo zilizopoteza sehemu kubwa zaidi ya eneo lake.

Kuendesha somo

Chora ubaoni mraba wenye vyumba mia, kumi kwa kumi, na watoto wafanye vivyo hivyo katika madaftari. Huo ndio wanda wa malisho wa kijiji cha kubuni. Wape orodha ya vyumba vya kupaka rangi kwa mwaka wa kwanza, kisha wachore mraba mwingine kwa mwaka wa saba na mwingine kwa mwaka wa kumi na nne. Kwa kuwa vyumba ni mia, kila chumba ni asilimia moja. Waulize gugu limefuata wapi: kando ya mto, au njia ya ng'ombe? Usiwape jibu. Ukipanga vyumba vyako kwa uangalifu, wataliona wenyewe.

Baada ya hapo walete kwenye namba za kweli. Mraba mmoja wa setilaiti una mita za mraba 900. Hekta moja ina 10,000. Hekta 882 zina miraba mingapi? Ni 9,800. Hekta 18,792 je? Ni 208,800. Ongezeko ni hekta 17,910 katika miaka 28, yaani karibu hekta 640 kila mwaka. Kiwanja cha mpira hakifiki hekta moja. Watoto wapige hesabu hiyo wenyewe, kisha watoke nje wapime mraba wa mita 30 kwa kamba uwanjani na kusimama katika pembe zake. Tumeona madarasa ambayo kelele zilikoma hapo, pale watoto walipotambua ukubwa wa kitu ambacho setilaiti hukiona kama nukta moja.

Tena huo ndio wakati wa kueleza udhaifu wa chombo. Ndani ya mraba mmoja mnaweza kuwamo mathenge, mgunga, mchanga na njia ya mbuzi, na setilaiti huvipa vyote kipimo kimoja. Mgunga wa kando ya mto hubaki mbichi kiangazi, na mashamba ya kumwagilia maji pia. Ramani isiyohakikiwa yaweza kuuhesabu mgunga kuwa mathenge, na mtu mwenye shoka akaifuata. Mgunga ni kivuli na chakula cha mifugo. Ukikatwa haurudi kesho. Kwa hiyo wataalamu huenda uwandani, huchagua sehemu kadhaa, na kuangalia kama kilichomo ndicho ramani isemacho.

Miche je? Mche wenye urefu wa goti hauonekani katika mraba wa mita 30. Mpaka setilaiti iuone uvamizi, kichaka kimekwisha kuwa kichaka, na kuking'oa ni kazi ya watu wengi na fedha nyingi. Mche wa mwaka huu hung'olewa na mtu mmoja kwa jembe, mradi akate mzizi chini ya shingo yake, la sivyo utachipua. Katika jambo hili mtoto anayechunga mbuzi huona mapema kuliko chombo chochote kilicho angani, na hivyo shule ina kazi yake katika uchunguzi huu.

Kwa zoezi la uwandani mwalimu atafute vigingi vinne na kamba, apime mraba wa mita 10 kwa 10 mahali panapojulikana, na watoto wahesabu miche na miti mikubwa, kila aina kwa safu yake. Wavae viatu, maana miiba ya mathenge hutoboa kandambili, na majeraha yake huuma siku nyingi. Mzee mmoja wa kijiji aalikwe awatajie miti kwa majina ya kwao kabla ya kuhesabu. Yafaa pia mwalimu ajue ni nyumba zipi zinazochoma mkaa wa mathenge, ili asiuseme mti huo kwa namna ya kumwaibisha mtoto ambaye karo ya kaka yake yatoka humo.

Hesabu irudiwe mahali pale pale kila mwaka, katika mwezi ule ule wa kiangazi, na iandikwe katika daftari pamoja na tarehe na mchoro wa mahali. Daftari hilo likabidhiwe kwa mwalimu mkuu na kubaki shuleni. Asiondoke nalo mwalimu anapohamishwa.