Kabla ya Kulipia Programu, Uliza Utatokaje

Mwenye duka la vipuri kwenye Barabara ya Kirinyaga, mkuu wa shule ya binafsi kule Kangemi na mhasibu wa hoteli ndogo ya Westlands wanafanana kwa jambo moja. Siku ya kununua programu ya kompyuta huuliza bei, wakauliza kama itatoa risiti, kisha wakalipa. Swali zito huja miaka mitatu baadaye, ada ikishapanda au fundi akishaacha kushika simu. Hapo ndipo mtu hugundua kwamba majina ya wateja, madeni na hesabu ya bidhaa vimo ndani ya programu na havitoki.

Wala si wenye maduka peke yao wanaonaswa. Machi 2025, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ilieleza kwamba mfumo wa kidijitali wa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), unaogharimu shilingi bilioni 104.8, haumilikiwi wala kudhibitiwa na serikali inayoulipia. Ikiwa wizara yenye mawakili wake inaweza kujikuta hapo, mwenye duka anayetia sahihi karatasi moja juu ya kaunta ana kila sababu ya kujihadhari.

Ushauri wangu ni huu: usianze kwa kubishana kama programu huria ni bora kuliko programu za kampuni. Anza kwa kuuliza utaondokaje na kumbukumbu zako siku ukitaka kuondoka. Hatua zifuatazo zitakusaidia.

1. Jua unauziwa aina gani

Programu za kampuni, kama QuickBooks, Sage au Microsoft Office, hukupa ruhusa ya kutumia tu. Msimbo wake umefungwa, na masharti hupangwa na mwenye kampuni. Programu huria, kama LibreOffice ya kazi za ofisi, Koha ya maktaba au ERPNext ya biashara, hutolewa pamoja na msimbo wake. Yeyote anaweza kuuchunguza, kuurekebisha na kuusambaza, mradi afuate leseni yake.

Katikati ipo aina ya tatu inayowachanganya wengi: kampuni hutoa sehemu moja huria na kuuza iliyobaki. Odoo ya Ubelgiji ni mfano mzuri. Toleo lake la Community ni huria, lakini uhasibu kamili umo kwenye toleo la Enterprise, ambalo hulipiwa. Fundi akikwambia Odoo ni bure, mwulize anazungumzia toleo lipi, na akuonyeshe mizania ikitoka kwenye toleo hilohilo.

Usidharau huria ukidhani ni michezo ya wanafunzi. Programu huria ya Ushahidi ilizaliwa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, mikononi mwa Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia. Ilikusanya taarifa za wananchi kwa SMS na mtandao na kuziweka kwenye ramani. Mwaka 2010, tetemeko lilipoipiga Haiti, programu hiyohiyo ilitumika huko. OpenMRS, iliyoanza mwaka 2004 kutokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret na wenzao wa Indiana, Marekani, ndiyo msingi wa KenyaEMR inayotunza rekodi za wagonjwa katika vituo vingi vya afya nchini. Takwimu za afya za taifa nazo zinapitia DHIS2, programu huria yenye makao Chuo Kikuu cha Oslo, tangu mwaka 2011.

Lakini huria haina maana ya bila gharama. Pesa usiyolipa kwenye leseni utailipa kwa fundi, kwa mafunzo ya wafanyakazi na kwa seva. Bajeti isiyo na mafungu hayo matatu ni bajeti ya uongo.

2. Andika kazi kabla ya kutaja programu

Chukua karatasi uandike kumbukumbu unazotunza: wateja, wanaokudai, unaowadai, bidhaa, mishahara, karo. Kando ya kila moja, andika nani huiingiza, nani huisoma, na itakugharimu nini ikipotea kwa wiki moja. Orodha hiyo ndiyo mali yako, na programu ni chombo cha kuibebea tu. Ukikutana na muuzaji bila orodha hii, yeye ndiye atakayekuandikia mahitaji yako, na mahitaji hayo yatafanana ajabu na bidhaa aliyonayo.

3. Muulize muuzaji maswali sita, ajibu kwa maandishi

Uliza kwa heshima, ila usikubali jibu la "hilo halina shida, boss".

Kwanza: nikitaka kumbukumbu zangu zote, nitazitoa mwenyewe au mpaka nikuite, na zitatoka kwa faili la aina gani? Jibu zuri ni CSV, au jedwali linalofunguka kwa programu yoyote. Ripoti ya PDF haitoshi, maana husomeka lakini haiingiziki kwenye mfumo mwingine.

Pili: mwaka wa pili nitalipa kiasi gani, na nikichelewa kulipa nitaweza bado kusoma kumbukumbu za zamani? Mfumo mwingine hukufungia kila kitu siku ileile ada inapoisha.

Tatu: ukiacha biashara hii, nani mwingine hapa Nairobi anaweza kuushughulikia mfumo? Taka majina mawili, uwapigie. Swali hili liulize hata kwa programu huria. Msimbo ulio wazi ambao fundi mmoja tu mjini anaujua umekufunga sawasawa na ule wa kampuni.

Nne: mfumo umeidhinishwa na Mamlaka ya Mapato (KRA) kuunganishwa na eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki? Tangu 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kupunguza kodi, isipokuwa zile zilizosamehewa. Mteja wako wa kampuni atakukimbia usipomtolea ankara hiyo.

Tano: malipo ya M-Pesa yataingiaje? Tangu Safaricom ifungue lango la Daraja mwaka 2017, mfumo wowote unaweza kuunganishwa na Paybill au Till yako. Hakikisha maombi ya kuunganishwa yanafanywa kwa jina la biashara yako, si la fundi.

Sita: kumbukumbu za wateja wangu zitakaa wapi, na nani ataziona? Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, wewe uliyezikusanya ndiwe mwenye kuwajibika, na lazima uwe na mkataba wa maandishi na yule anayezichakata kwa niaba yako.

4. Jaribu kutoka kabla ya kuingia

Hatua hii ndiyo huokoa pesa nyingi, na karibu kila mtu huiruka. Muuzaji anapokuonyesha mfumo, mwambie aingize wateja kumi wa mfano, mauzo ya siku mbili na deni moja lililolipwa nusu. Kisha mwambie akutolee vyote kwenye flashi, ukiwa hapohapo. Nenda navyo kwenye kompyuta nyingine isiyo na programu yake, uvifungue kwa LibreOffice Calc.

Kagua mambo manne. Namba za simu: faili la CSV likifunguliwa ovyo, 07 hupoteza sifuri ya mbele, kwa hiyo unapolifungua chagua safu hiyo isomwe kama maandishi. Tarehe: sisi huanza na siku, ilhali kompyuta iliyopangwa Kimarekani huanza na mwezi, na hapo tarehe 3 Aprili hugeuka 4 Machi bila mtu kugutuka. Madeni: tazama kama deni lililolipwa nusu limetoka na historia ya malipo, au limetoka salio tupu. Mwisho, hesabu mistari. Ukiingiza wateja kumi wakatoka tisa, umeshapata jibu lako.

Muuzaji akikataa jaribio hili, mshukuru kwa chai, umwache.

5. Komesha leseni za wizi

Kompyuta nyingi zinazouzwa katikati ya jiji, mitaa ya Moi Avenue na Kimathi, ni zile zilizotumika ng'ambo, na baadhi ya wauzaji huzijaza Windows na Office ambazo leseni zake zimevunjwa. Mbali na kukiuka Sheria ya Hakimiliki, programu hizo ni njia rahisi ya kuingiza virusi, na mara nyingi huwezi kuzisasisha. Mambo yamekuwa mabaya zaidi tangu 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, wakati mashine nyingi za zamani hazina vifaa vinavyotakiwa na Windows 11.

Una njia mbili za halali. Lipia leseni, au uhamie Linux, kwa mfano Ubuntu au Linux Mint. Ukichagua ya pili, usifute chochote kwanza. Washa mashine kutoka kwenye flashi yenye Linux, ujaribu printa ya risiti, skana na kisoma misimbo ya bidhaa. Vikikubali, hamisha mashine moja tu, iache ifanye kazi mwezi mzima, ndipo uendelee na nyingine. Kuhusu kodi, fomu za iTax zimekuwa zikitolewa kwa Excel na pia kwa ODS, aina inayofunguliwa na LibreOffice. Lijaribu faili lako mapema, usisubiri 30 Juni usiku.

6. Lipa panapostahili, tumia huria panapostahili

Maoni yangu hayaegemei upande. Kwa barua, majedwali na mitihani ya shule, LibreOffice inatosha, na pesa ya leseni inunulie vitabu. Kwa maktaba, Koha imekomaa. Kwa uhasibu, msikilize mhasibu wako: ikiwa yeye na mkaguzi wanaijua programu moja ya kampuni, ada yake huenda ikawa nafuu kuliko miezi ya makosa. Usijiwekee seva yako mwenyewe chini ya kaunta ikiwa hakuna mtu wa kuitunza, kuisasisha na kuichukulia nakala. Stima ya Nairobi ikipotea katikati ya kazi, itakufundisha kwa gharama kubwa.

7. Ukitengenezewa mfumo, shika vyako

Wengi Kilimani na Ngong Road huwaita vijana hodari wawaandikie mfumo wa kwao. Vizuri. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya huchukulia kwamba kazi uliyoagiza imehamia kwako uliyeagiza, isipokuwa mkataba useme vingine. Kwa hiyo soma mkataba, hasa kifungu kinachosema msimbo unabaki kwa mtengenezaji.

Lakini haki bila kitu mkononi haikusaidii. Msimbo uwe kwenye akaunti uliyofungua wewe, na fundi awe mgeni humo. Nywila kuu ya seva uwe nayo. Jina la tovuti linaloishia na .co.ke liandikishwe kwa jina la biashara yako. Ukikuta limeandikishwa kwa jina la fundi, libadilishe mkiwa bado marafiki. Gawanya malipo, na la mwisho litoke baada ya fundi wa pili kuuwasha mfumo kutoka kwenye msimbo huo bila kusaidiwa na wa kwanza.

8. Ushindani ulinde wewe mwenyewe

Ushindani kati ya kampuni haulindwi na mahakama na mamlaka peke yake. Ni kweli, Julai 2014 Safaricom iliwaachia mawakala wa M-Pesa kuhudumia mitandao mingine, baada ya Airtel kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani. Lakini uamuzi kama huo ungekosa maana kama wakala asingekuwa na duka, mtaji na wateja wa kuhamia nao popote.

Katika programu ni vilevile. Kampuni ya Oracle ilipoinunua Sun, iliyokuwa ikiisimamia programu huria ya ofisi ya OpenOffice, mwaka 2010, sehemu kubwa ya watengenezaji wa OpenOffice hawakupenda mwelekeo. Mwaka huohuo walichukua msimbo, ulio huria, wakaanzisha LibreOffice, na faili za watumiaji zikaendelea kufunguka. Miaka sita kabla ya hapo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimeitafsiri OpenOffice hiyohiyo kwa Kiswahili, kikaiita Jambo OpenOffice, bila kumwomba mtu ruhusa. Microsoft nayo ilileta Kiswahili kwenye Windows na Office katika kipindi hichohicho. Msomaji wa Kiswahili alifaidi pande zote mbili, kwa sababu palikuwa na zaidi ya mlango mmoja wa kubisha.

Basi jiwekee desturi. Kila mwisho wa mwezi, toa kumbukumbu zako zote kwa CSV. Nakala moja iwe kwenye diski iliyo nje ya duka, nyingine mtandaoni ikiwa imefungwa kwa nywila. Kila robo mwaka, fungua nakala mojawapo uone kama inasomeka. Miezi miwili kabla ya kulipia mwaka mpya, pata bei ya mshindani mmoja wa kampuni na fundi mmoja wa huria, hata kama huna nia ya kuhama. Kisha mpigie muuzaji wako, umwambie una bei mbili na kumbukumbu zako ziko mkononi. Mazungumzo ya bei yataanzia hapo.