MADA YA 7: UKOSEFU WA AJIRA – MAANA, UPIMAJI NA AINA ZAKE

Mwanafunzi, ukimaliza mtihani wa Kidato cha Nne utakaa nyumbani miezi kadhaa ukisubiri matokeo. Je, katika miezi hiyo utahesabiwa kuwa mtu asiye na ajira? Wengi hujibu haraka, "Ndiyo." Jibu sahihi ni "Inategemea." Soma mada hii ujue inategemea nini.

7.1 Maana

Katika uchumi, si kila asiyefanya kazi huitwa mtu asiye na ajira. Kwa fasili ya Shirika la Kazi Duniani, ni lazima mtu atimize masharti matatu kwa pamoja:

(a) Hakufanya kazi ya kumpatia kipato hata kwa saa moja katika siku saba zinazoulizwa.
(b) Yuko tayari kuanza kazi ikipatikana.
(c) Amechukua hatua ya kutafuta kazi hivi karibuni, kwa mfano kupeleka barua za maombi, kuulizia viwandani au kutafuta mtaji wa biashara.

Sasa rudi kwenye swali letu. Ukikaa nyumbani unasubiri matokeo bila kutafuta kazi, uko nje ya nguvu kazi. Ukipeleka maombi ya kazi na uko tayari kuanza, huna ajira. Ukiuza duka la jirani kwa malipo saa mbili tu katika wiki hiyo, una ajira.

7.2 Upimaji

Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya Utafiti wa Nguvu Kazi, kama ule wa mwaka 2014 na wa 2020/21. Wadadisi hutembelea kaya zilizochaguliwa kama sampuli na kuwauliza watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Kila mmoja huwekwa katika kundi moja tu: mwenye ajira, asiye na ajira, au aliye nje ya nguvu kazi.

Nguvu kazi = wenye ajira + wasio na ajira

Kiwango cha ukosefu wa ajira = (wasio na ajira ÷ nguvu kazi) × 100

Mfano: Mji wa kufikirika una watu 20,000. Wenye miaka 15 na zaidi ni 12,000. Kati yao 8,100 wana ajira na 900 hawana ajira. Waliobaki 3,000 ni wanafunzi, wazee, wagonjwa na wengine wasiotafuta kazi wala wasio tayari kuifanya.

Nguvu kazi = 8,100 + 900 = 9,000
Kiwango = (900 ÷ 9,000) × 100 = 10%

7.3 Kiwango kinaweza kushuka bila mtu kupata kazi

Tuseme watu 300 kati ya wale 900 wanakata tamaa na kuacha kutafuta kazi. Sharti (c) halitimii tena, hivyo wanahamia nje ya nguvu kazi. Kiwango kipya ni (600 ÷ 8,700) × 100 = 6.9%. Kiwango kimeshuka, lakini hakuna aliyeajiriwa!

Kwa sababu hii Tanzania hutumia pia fasili pana ya kitaifa, inayowahesabu walio tayari kufanya kazi hata kama hawakuitafuta. Kwa fasili hiyo mji wetu unabaki na 10%. Kila unapopewa kiwango, uliza kwanza kimepimwa kwa fasili ipi.

7.4 Aina

Aina hutofautishwa kwa chanzo, kwa sababu kila chanzo kina dawa yake.

1. Wa mpito: mtu yuko kati ya kazi moja na nyingine. Dawa: taarifa za nafasi za kazi.
2. Wa kimuundo: ujuzi au bidhaa imepoteza soko. Bei ya mkonge ilipoanguka baada ya 1964 kwa ushindani wa nyuzi za sintetiki, mashamba ya Tanga yalipunguza wafanyakazi. Dawa: mafunzo mapya na viwanda vipya.
3. Wa mzunguko wa uchumi: mahitaji ya bidhaa hushuka nchi nzima. Nchini Marekani mwaka 1933, karibu mtu mmoja kati ya wanne katika nguvu kazi hakuwa na ajira. Dawa: serikali kuongeza matumizi au kupunguza kodi.
4. Wa msimu: vibarua wa korosho Mtwara hukosa kazi mavuno yakiisha. Dawa: shughuli za kiangazi na masika, kama usindikaji.
5. Uliojificha: shamba linalohitaji watu watatu linalimwa na sita. Watatu wakiondoka, mavuno hayapungui. Hawa hawaonekani kwenye kiwango.

Angalizo: Usichanganye aina ya tano na ajira pungufu, yaani mtu kufanya kazi kwa saa chache kuliko anavyotaka na anavyoweza.

Maswali ya kujipima

1. Wilaya ina watu 50,000. Wenye miaka 15 na zaidi ni 30,000. Wenye ajira 21,000. Wasio na ajira 3,000. Tafuta kiwango cha ukosefu wa ajira.
2. "Kiwango kikishuka, hali ya vijana imekuwa nzuri." Jadili.

Jibu la 1: 12.5%. Ukipata 10%, umegawanya kwa watu wote wenye miaka 15 na zaidi. Ukipata 6%, umegawanya kwa wakazi wote. Rudia sehemu ya 7.2.

Kidokezo cha 2: Anza na wale 300 wa sehemu ya 7.3, kisha ongeza ajira pungufu.