Mpangaji Asiye na Karatasi Naye Ana Mkataba

Katikati ya miaka ya 1970 Serikali ilipima viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ili wananchi wa Dar es Salaam wenye kipato cha kawaida wapate mahali pa kujenga. Viwanja vilikuwa vidogo, na nyumba zilijengwa kwa hesabu ya familia moja. Leo Sinza ni ya wapangaji. Palipokuwa na ukumbi na vyumba sita, sasa kuna vyumba hivyo sita, vingine vinne vya uani, fremu mbili upande wa barabara, na baa ya jirani inayopiga muziki hadi usiku wa manane. Kuanzia Afrika Sana hadi Mori, na kutoka Kumekucha hadi kwa Remmy, kituo kinachobeba jina la mwanamuziki Remmy Ongala, vyumba vimejaa wanafunzi wa chuo kikuu, wauguzi, mafundi simu na vijana walioanza kazi juzijuzi.

Wanapapenda kwa sababu kazini ni karibu, chuoni ni karibu, na chakula kinapatikana saa yoyote. Lakini wengi wao wanaishi kwa hofu: mwenye nyumba akiamka vibaya, basi kesho mtu yuko nje na godoro lake. Hofu hiyo inatokana na imani moja iliyoenea sana, kwamba asiyeandikishana mkataba hana haki. Imani hiyo si ya kweli.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, inatambua upangaji wa muda mfupi, yaani wa mwaka mmoja au chini ya hapo, hata kama ulifanywa kwa mdomo. Kijana aliyekubaliana na mwenye nyumba kibarazani, akalipa kodi na kukabidhiwa ufunguo, tayari ana mkataba. Karatasi husaidia kuuthibitisha. Kukosekana kwake hakuufuti.

Palipo kimya, sheria hujaza. Kama hamkusema upangaji utaisha lini wala notisi itakuwa ya muda gani, sheria inauhesabu kuwa upangaji wa vipindi, na kipindi ni kile ambacho kodi hulipwa. Anayelipa kwa mwezi anapanga mwezi hadi mwezi. Atakayetaka kuuvunja, awe mpangaji au mwenye nyumba, anatakiwa kutoa notisi isiyopungua kipindi hicho. Vivyo hivyo kwa yule ambaye miezi yake sita iliyoandikwa imekwisha, akaendelea kukaa na mwenye nyumba akaendelea kupokea kodi: hajageuka mvamizi. Maneno kama “nataka chumba changu Jumapili” yanayosemwa siku ya Ijumaa hayana nguvu ya kisheria, hata yakisemwa kwa sauti kubwa.

Sheria hiyohiyo inamwekea mwenye nyumba wajibu ambao haulazimiki kuandikwa popote. Anatakiwa kumwacha mpangaji aishi kwa utulivu bila kuingiliwa. Chumba cha kuishi anachopangisha kiwe kinafaa binadamu kukaa siku ya kuingia, na kiendelee kufaa. Akiwa amepangisha sehemu tu ya jengo, kama ilivyo kwa karibu kila nyumba ya Sinza, basi paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji machafu na njia za pamoja ni zake kuzikarabati. Bati linalovuja juu ya kitanda ni kazi ya mwenye nyumba. Taa ya ukumbini, ngazi iliyomeguka na bomba kuu la majitaka lililopasuka ni vyake pia. Mpangaji naye anabeba alichokiharibu mwenyewe, na anatakiwa kurudisha chumba katika hali aliyokipokea, ukiondoa uchakavu wa kawaida.

Jambo ambalo sheria haifanyi ni kupanga kiwango cha kodi. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ni makubaliano, na ndiyo maana miezi sita ya mkupuo imekuwa desturi ambayo mpangaji wa Sinza hana njia ya kuikwepa. Chukulia chumba cha shilingi 150,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 900,000. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja. Kijana ametoa shilingi 1,050,000 kabla hajanunua hata ndoo ya kuogea. Ni mzigo mzito mno kwa mtu anayepokea mshahara wake wa kwanza, na Bunge lingefanya haki kulirudia suala hili.

Hata hivyo, malipo hayo ya mkupuo yana upande unaomlinda mpangaji. Kodi iliyokwisha kupokewa haipandi. Aliyelipa hadi Desemba hawezi kuambiwa mwezi wa Septemba kwamba bei imebadilika na aongeze tofauti. Ongezeko linasubiri kipindi kipya, na mpangaji ana uhuru wa kulikubali, kulijadili au kuhama. Nyumba ikiuzwa katikati ya kipindi, mnunuzi anaipata pamoja na wapangaji waliomo, na anabanwa na makubaliano yaliyokuwapo.

Kosa linalowagharimu vijana wengi hufanyika siku ya kwanza kabisa, mbele ya dalali. Dalali huonesha chumba. Kazi yake inaishia hapo. Kodi ilipwe kwa mwenye nyumba mwenyewe, au kwa mtu ambaye mwenye nyumba amemtaja kwa maandishi. Wapo matapeli wanaokichukua chumba kwa siku chache, wakakionesha kwa watu watano na kupokea kodi ya watu watano. Kinga yake haina gharama: kabla ya kulipa, muulize jirani wa ukuta kwa ukuta nyumba ni ya nani, kisha pita ofisi ya serikali ya mtaa na uulize tena. Omba kuona hati, leseni ya makazi au nyaraka za mauziano. Mwenye nyumba halali hachukii swali hilo.

Malipo yapitie benki au simu kila inapowezekana, na sababu ya malipo iandikwe: kodi ya chumba, kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani. Aliyelipa taslimu adai risiti au saini. Akinyimwa, atume ujumbe jioni hiyohiyo: “Mzee, shikamoo. Nimekukabidhi leo shilingi laki tisa, kodi ya Julai hadi Desemba.” Jibu la “Marahaba, nimepokea” ni ushahidi, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki kupokewa mahakamani. Piga picha za chumba siku ya kuingia: dari, soketi, choo, kioo cha dirisha, rangi ya ukuta. Picha hizo ndizo zitakazosema ni nani aliyevunja nini.

Kwa wenye karatasi, mara nyingi ni fomu ya mkataba iliyonunuliwa steshenari na kujazwa kwa kalamu. Inatosha, ilimradi isomwe. Iwe na majina kamili, kiasi cha kodi, tarehe ya kuanza na kuisha, muda wa notisi, na nani analipia maji, umeme na unyonyaji wa choo. Mashahidi wasaini, kila upande ubaki na nakala. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya kodi ya mwaka ulipwe TRA, kwa sababu mkataba usiolipiwa unaweza kukwama mezani kwa hakimu hadi ulipiwe.

Umeme unastahili mkataba wake mdogo. Nyumba nyingi zina mita moja ya LUKU, na wapangaji huchangishana kwa kukadiria nani ana friji, nani ana pasi. Ugomvi wa uani mara nyingi huanzia hapo. Mita ndogo ya kila chumba huumaliza. Lipo pia jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui: tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakusanywa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo. Mpangaji anayekatwa atunze ujumbe wa kila manunuzi na kukubaliana na mwenye nyumba irudishwe au ipunguzwe kwenye kodi ya chumba. Kwa mtu mmoja kiasi kinaonekana kidogo. Kwa mwaka ni shilingi 18,000, na ni haki yake.

Ufunguo wa akiba nao huleta maudhi. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na makazi yake, na chumba kilicholipiwa ni makazi hata kama kina upana wa hatua nne. Mwenye nyumba anaweza kuja kukagua, saa za staha, baada ya kutoa taarifa. Kuingia mpangaji akiwa kazini, kupekua au kuhamisha vitu vyake, hakuruhusiwi. Na kuhusu baa ya jirani, kelele zinadhibitiwa na kanuni za mazingira za mwaka 2015. Malalamiko yaanzie serikali ya mtaa na ofisi ya mazingira ya manispaa, yakishindikana yapelekwe NEMC.

Lipo tukio baya kuliko yote, nalo hutokea: mpangaji amechelewesha kodi, anarudi jioni anakuta kufuli jipya, mlango umeng'olewa au bati limeezuliwa juu ya chumba chake. Deni ni deni, na mwenye nyumba ana haki kamili ya kulidai na hata kuvunja mkataba kwa notisi ya maandishi. Lakini njia ya kumtoa mtu kwa nguvu ni amri ya baraza la ardhi la wilaya au mahakama, ikitekelezwa na dalali wa mahakama. Mwenye nyumba, mgambo au vijana wa kukodi hawana mamlaka hayo. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kusuluhisha na kushuhudia, hawezi kuhukumu. Aliyefungiwa nje apige picha, aite majirani washuhudie, aorodheshe vitu vilivyobaki ndani, kisha aende polisi kutoa taarifa kama mali imeharibiwa au imechukuliwa.

Shauri lenyewe huanzia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza hilo halitoi tena hukumu kwenye migogoro ya ardhi, linapatanisha tu. Likishindwa linatoa hati ya kuthibitisha hivyo, na zikipita siku 30 bila suluhu, mlalamikaji anaweza kuendelea hata bila hati. Anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, akiwa na nakala za mkataba au ujumbe wa simu, taarifa ya malipo, picha na majina ya mashahidi. Wakili si lazima. Asiye na uwezo anaweza kupata msaada wa bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kupitia mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu au Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania. Anayehofia kutolewa kabla shauri halijasikilizwa aombe, siku hiyohiyo anapofungua kesi, zuio la muda la kumbakiza chumbani mpaka uamuzi utoke.